Ubeid Ongeza na Migomba ya Mama Celina

Baba yake alimwita Ubeid. Jina la Ongeza alipewa na Kariakoo.

Lilikuja hivi. Mtu akimletea injini ndogo, ya mashine ya kukatia majani au ya msumeno wa kupasulia magogo, akamwambia, "Fundi, nataka iwake tu," Ubeid ataishughulikia mpaka iwake. Kisha ataisikiliza kimya, kichwa kakiinamisha upande mmoja kama mwalimu wa chuoni anayemsikiliza mtoto akisoma juzuu, halafu atasema taratibu:

"Hii inaweza zaidi. Tuiongeze kidogo?"

Hapo hata ukikataa umekwisha. Walikuwapo watunza bustani wa Ostabei waliomletea mashine za kukatia majani za waajiri wao, wakarudishiwa vitu vinavyowaburuta uwanja mzima kama mbuzi aliyeona mlango wazi. Mmoja alirudi analalamika kwamba sasa kazi ya asubuhi nzima anaimaliza kabla ya chai, na tajiri wake ameanza kumtafutia kazi nyingine. Ubeid akacheka mpaka akakohoa. "Ndugu yangu," akamwambia, "hilo si kosa la injini."

Babu yake alitoka Shihiri, Arabuni, akauza kahawa. Baba yake naye akauza kahawa, akizunguka Mtaa wa Sikukuu na Mtaa wa Kongo na dele mkononi, vikombe vikigongana. Ubeid alitarajiwa alichukue dele hilo. Lakini tangu ujana wake ikipita pikipiki yeye hugeuka, na akigeuka kahawa humwagika, na wateja wa kahawa ni watu wenye kanzu nyeupe. Baba yake mwishowe akasema, "Basi nenda huko huko kwenye moshi." Akaenda. Shule ya ufundi hakuiona; alijifunza kwa kufungua, kuharibu, na kufungua tena.

Wakati wa habari hii, alikuwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza, ana mke wake Mauza na mtoto wao Nasor, na kazi yake ilikuwa barazani pa duka la Tarsis, Mtaa wa Mchikichi. Tarsis alikuwa Mchaga wa Kibosho, mpole, mnene kidogo, akiuza nafaka kwa gunia na mafuta ya taa kwa chupa. Meza ya Ubeid ilikuwa mlango uliong'olewa mahali fulani, umelazwa juu ya mapipa mawili. Juu yake palikuwa na bisibisi, nyundo ndogo, msasa, kipande cha kioo cha dirisha, na katika kisanduku cha bati, tupa zake: bapa, ya mviringo, na moja nyembamba kama mkia wa panya. Kisanduku hicho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa, hata Mauza.

Ngoja niwaeleze kidogo kazi yenyewe, maana mtu asiyeijua hawezi kumwelewa Ubeid. Injini hizi ndogo ni zile zisizo na mahali pake pa kuweka oili. Oili unaichanganya na petroli humo humo kwenye tangi, zinaingia pamoja. Petroli inaungua, oili inailainisha pistoni inapopanda na kushuka. Ndani ya silinda kuna matundu ya kuingizia petroli na ya kutolea moshi. Kiwandani matundu hayo huachwa madogo, ili injini iwe na adabu. Ubeid alikuwa akiingiza ule mkia wa panya, anakwangua tundu la moshi kidogo, anapuliza, anapapasa kwa kidole, anakwangua tena. Kisha kifuniko cha silinda anakisugua juu ya kile kioo chenye msasa, duara kwa duara, mpaka kinapungua unene na moto unabanwa zaidi. Mwisho hukitoa kile kidude kinachozuia kasi, ambacho mafundi wa mjini hukiita gavana. Akikitoa hukitupa kwenye kopo na kusema maneno yale yale kila mara:

"Nchi ilishapata uhuru. Gavana wa nini tena?"

Na watu wa barazani hucheka kila mara, ingawa wameshayasikia.

Sasa, mwaka ule ulikuwa wa agizo la kulima. Mvua zilikuwa zimeikosesha nchi chakula, na serikali ilisema kilimo ni cha kufa na kupona. Hata sisi wa mjini, ambao jembe tulilijua kwa kuliona dukani, tulitakiwa tuwe na shamba. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa Mzee Sadalla, mtu mrefu mwenye sauti ya kuadhini ingawa hakuwa mwadhini. Alitupeleka bonde la Msimbazi, upande wa Magomeni, akatugawia vipande. Kila mtu aligombea cha chini karibu na maji. Cha juu kabisa, mgongoni mwa kilima, hakuna aliyekitaka. Alikichukua Severa, mke wa Tarsis, ambaye kwa jina la binti yake tulimwita Mama Celina, na alikichukua huku anatabasamu.

"Mama Celina, utamwagilia kwa mate?" Mzee Sadalla alimuuliza.

"Mzee, masika yakija mto utawachukulieni mchicha wenu wote. Mimi ninachopanda kinataka kukaa."

Alichopanda ni machipukizi matatu ya migomba. Si migomba ya kununua. Mama yake Severa alikuwa amefariki kule Kibosho, na kwa desturi ya kwao kihamba, yaani shamba la ukoo, kilikwenda kwa mtoto wa kiume, kaka yake Isidori. Isidori naye aliing'oa ile migomba ya uani, iliyokuwa kazi ya mikono ya mama yao, ili ajenge nyumba ya matofali. Severa alipokwenda kwenye matanga ya arobaini aliyakuta machipukizi hayo yametupwa kwenye shimo. Akayachukua, akayafunga kwa magunia mabichi, akapanda nayo basi kutoka Moshi mpaka Dar es Salaam, yakiwa mapajani kama watoto. Ilikuwa mishare, ndizi za kupika, za shina ambalo mama yake alipewa na mama yake.

Hapo ndipo palipokuwa na jambo lote. Mishare ikifa, Severa hana tena kitu cha mama yake kinachoota.

Kiangazi kikaja, kikali. Severa alipanda kilima na ndoo kichwani, asubuhi na jioni, na nusu ya maji yalimwagika njiani. Majani ya migomba yakaanza kujikunja kingo.

"Mke wangu," Tarsis alimwambia siku moja dukani, kwa huruma yake ya polepole, "Kariakoo yote hii imejaa ndizi. Utavunjika shingo."

"Zile ni ndizi, Baba Celina," Severa akajibu huku akimpimia mtu mafuta ya taa. "Hizi ni za mama."

Ubeid alikuwa nje mezani pake, mgongo kawapa. Alisikia yote. Lakini siku ya pili yake alikwenda Gerezani kwenye vyuma chakavu, akarudi na pampu ndogo ya maji iliyoota kutu. Alikuwa nazo tayari mashine mbili za kukatia majani, za aina moja, zilizouzwa kama takataka. Kutoka kwenye moja akatoa injini nzima, akaifunga na pampu kwa mkanda juu ya ubao. Ile nyingine akaiacha chini ya meza iwe ya vipuri.

Wakaishusha bondeni. Mpira wa maji ukalazwa kilimani. Ubeid akavuta kamba, injini ikawaka, maji yakapanda, yakapanda, yakafika kwenye kichuguu kilichokuwa nusu ya njia, yakasimama hapo. Tukaangalia mdomo wa mpira kule juu. Mkavu kabisa.

"Imechoka," Tarsis akasema.

"Haijachoka. Imefungwa," Ubeid akajibu, na macho yake yakawa yameshang'aa. "Mama Celina, nipe siku chache. Niiongeze."

Alikwangua, akasugua, akapuliza. Akarefusha ekzosi kwa bati alilolikunja kama mdomo wa tarumbeta. Gavana akaingia kwenye kopo, watu wakacheka. Lakini palikuwa na tatizo moja. Oili ya injini za namna hii ilikuwa haipatikani madukani, na injini iliyoongezwa huitaka oili zaidi ya injini ya kawaida, kwa kuwa inachemka zaidi. Ubeid akawaza. Kisha akaenda nyumbani kwake akaomba chupa ya mafuta ya nyonyo.

Mauza, mkewe, alikuwa akiyakamua mwenyewe. Wanawake wa mtaa mzima walimjia kwa ajili ya nywele, ya tumbo lililofunga, na ya kumkanda mzazi.

"Injini yako imefunga choo?" Mauza akauliza.

"Wewe nipe tu."

"Nikupe, lakini ikianza kuendesha usiniletee nifue."

Na nyonyo, wasikilizaji wangu, huilinda pistoni vizuri sana. Kasoro yake ni moja: haipendi kukaa pamoja na petroli. Ukitikisa zinashikana. Ukiacha dumu limetulia usiku kucha, nyonyo inashuka chini na petroli inabaki peke yake juu. Basi sharti ni kutikisa dumu kila unapotaka kumimina. Ubeid alimwambia Tarsis hivyo, mara mbili, na Tarsis akaitikia mara mbili.

Siku waliyoiwasha tena, maji yalikipita kichuguu kama hayakioni, yakaruka kutoka mdomo wa mpira, yakaangukia miguuni pa mgomba wa kwanza. Severa alichuchumaa akaushika udongo uliolowa. Bonde zima lilinuka kama chumba cha mzazi aliyejifungua jana, na Mzee Sadalla, aliyekuwa akipalilia mchicha chini, akapaza sauti ile ya kuadhini: "Hongera! Amezaa mtoto gani?"

Wakapanga zamu. Jumapili Tarsis na Severa wako kanisani, pampu inaendeshwa na Ubeid. Ijumaa Ubeid yuko msikitini, inaendeshwa na Tarsis. Mpango mzuri, na ulikwenda vizuri mpaka Ijumaa ile ambayo sukari ililetwa kwenye duka la ushirika, Tarsis akaenda kupanga foleni, na Severa akasema, "Mimi nitakwenda bondeni mwenyewe."

Sasa lazima mjue jambo moja kuhusu Severa. Mafuta ya taa ya duka lake yalikuwa na sifa Kariakoo nzima. Miaka ile mafuta yalikuja machafu, yana maji na kutu ya mapipa, na taa za watu zilitoa moshi na kupasua vioo. Severa hakuuza hivyo. Alikuwa akiliacha pipa litulie kabisa, mtu asiliguse, kisha anachota yale safi ya juu, na ya chini anayamwaga. Ndiyo sababu watu walitoka hata Posta kuja kununua chupa moja kwake. Mwanamke huyu hakuwahi kumpa mtu, wala chombo, mafuta yenye mashapo.

Basi akaliona dumu la petroli limekaa pembeni tangu jana yake. Akaliangalia kwenye mwanga. Chini pana kitu kizito, cha manjano. Akatikisa kichwa, si dumu. Akainamisha taratibu sana, akamimina petroli safi, nyeupe, kwenye chombo kingine kilichooshwa, na lile tope la chini akalimwaga mtaroni. Kisha akaenda bondeni na moyo mweupe.

Ubeid alipotoka kusali Ijumaa, alimkuta Severa amekaa barazani, injini imelazwa juu ya ile meza ya mlango, imefunikwa kwa kitenge kama maiti.

"Baba Nasor," akasema, "ilikuwa inaimba vizuri. Ghafla ikapiga kelele, ikanyamaza. Ile kamba haivutiki tena."

Ubeid akaishika. Bado ilikuwa na joto. Akajaribu kuizungusha kwa mkono, haikwenda. Pistoni ilikuwa imekamatana na silinda.

"Petroli mliyotumia iko wapi?"

"Hii hapa imebaki. Iangalie ilivyo safi! Niliikuta na uchafu chini, nikaumwaga wote."

Ubeid akakinusa chombo. "Uchafu huo ulikuwa wa namna gani?"

"Wa manjano. Mzito. Unateleza. Tena unanuka..." Severa akasita. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye nywele zake, alizokuwa amezipaka asubuhi ile ile. "Unanuka kama mafuta ya Mama Nasor."

Mauza alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la chakula cha mumewe. Aliliweka chini polepole, kwa sababu kicheko kilikuwa kinamjia na hakutaka mchuzi umwagike. Lakini alipouona uso wa Severa, kicheko kikarudi kilikotoka. Akaenda akakaa karibu naye.

"Si kosa lako, dada," akasema. "Mwenye kosa ni huyu anayewaambia wanaume mambo ya dumu."

Tarsis, aliyekuwa anaingia na kifurushi chake cha sukari, aliisikia sentensi hiyo ya mwisho, akapita moja kwa moja mpaka ndani ya duka.

Ubeid aliifungua injini. Silinda ilikuwa imekwaruzika michirizi ndani, hata tupa isingeisaidia. Chuma ukishakiondoa hakirudi. Akachutama, akaivuta ile mashine ya pili iliyokuwa chini ya meza. Silinda yake ilikuwa nzima, na pistoni yake ilikuwa nzima, na matundu yake bado madogo kama yalivyotoka kiwandani. Mjini kote hapakuwa na nyingine ya aina ile. Alikuwa amekwisha kuulizia.

Akaiweka juu ya meza. Akafungua kisanduku cha bati, akautoa mkia wa panya.

"Kesho kutwa maji yatafika juu," akasema. "Na safari hii nitaikwangua zaidi kidogo, maana ile ya kwanza nilikuwa bado naiogopa."

Severa aliiangalia ile tupa. Kule kilimani majani mawili ya mgomba mdogo yalikuwa yameshaanguka. Alikuwa ameyaona asubuhi ile.

"Baba Nasor. Hii nayo ikikamata?"

"Haitakamata. Ukitikisa dumu haitakamata."

"Ikikamata?"

Ubeid akaigeuza silinda mkononi. Alikuwa mtu mkweli, na jibu alikuwa nalo.

"Kabla hujaiongeza ile ya kwanza, maji yalifika wapi?"

"Kwenye kichuguu. Nusu ya njia. Haitoshi."

"Nifikishie kwenye kichuguu."

"Mama Celina, kichuguu hakina mgomba."

"Sikiliza kwanza. Kwetu mlimani maji yanatoka mbali kwa mfereji, wala hakuna anayeyasukuma. Mfereji ukiwa na maji kidogo, tunachimba kidimbwi, tunakifunga, yanalala humo mpaka yajae. Asubuhi tunafungua. Basi na sisi tuchimbe kidimbwi pale kichuguuni, udongo wake mzuri, haunyonyi maji. Mashine iyalete hapo kwa nguvu zake hizo hizo ilizozaliwa nazo. Kidimbwi kikijaa, tunaibeba mashine, tunaiweka pale kidimbwini, inayapandisha tena. Nusu na nusu si ndiyo nzima?"

Barazani watu walikuwa wameshaongezeka, kama ilivyo Kariakoo; mtu mmoja akikaa kimya wanne huja kuuliza kuna nini. Wote walikuwa wanamtazama Ubeid. Naye alikuwa na ile tupa mkononi, na kidole chake cha gumba kinapapasa tundu la moshi la silinda nzima, huku na huku.

"Mimi," akasema mwishowe, "nionekane nabeba injini kilimani mgongoni, kama mtoto mchanga? Watu wataniitaje?"

"Watakuita vile vile," Mauza akasema. "Umeongeza miguu."

Watu wakacheka, naye akacheka, kidogo, bila kupenda. Akakiinamisha kichwa upande mmoja, akaitazama silinda muda mrefu. Sijui alikuwa anasikia nini. Injini yenyewe ilikuwa vipandevipande. Kisha akaupangusa mkia wa panya kwa kitambaa, akaurudisha kwenye kisanduku, na kifuniko kikafungwa. Baada ya hapo akafanya kitu ambacho sisi wa baraza ile hatujawahi kukiona: alipekua kwenye kopo, akamchagua gavana wa pampu ile, akamrudisha kazini.

"Mkoloni amerudi," mtu mmoja akasema.

"Kwa muda," Ubeid akajibu. "Anasimamia migomba."

Kidimbwi kilichimbwa na watu wa nyumba zile kumi, Mzee Sadalla akiwa mbele, kwa kuwa aligundua kwamba kitawafaa na wenye vipande vya katikati. Severa mwenyewe aliukanyaga udongo wa kichuguu kwa miguu mpaka ukawa laini, akazisiliba kingo. Ile injini ilifanya kazi bila haraka, inaunguruma kwa sauti ya chini, na harufu ile ya nyonyo ikabaki bondeni. Zamu ya kuibeba ilikuwa ya Ubeid na Tarsis, wameshika ubao huku na huku, wanapumzika kila mahali. Na kabla ya kila kumimina, Severa alilitikisa dumu kwa mikono miwili, kwa nguvu, uso umekunjwa, kama anaadhibu mtu.

Mgomba mdogo ulikufa. Siwezi kuwaficha hilo. Mizizi yake ilikuwa imeshakauka. Severa aliung'oa mwenyewe, akalifukia shimo lake. Ile miwili ilisimama. Vuli ikaikuta ina majani mapya, na masika yaliyofuata mto ukapanda ukachukua mchicha wa watu wa chini, kama alivyosema, lakini kilimani haukufika.

Ubeid hakuacha kuongeza injini za watu. Watu wa misumeno walikuja kutoka Rufiji, wakarudi na vitu vinavyonguruma. Hiyo moja tu hakuigusa. Mtu akimwuliza mbona hii pampu ya ubaoni imepoa hivi, hujui kuiongeza, alisema, "Ina mwenyewe," akabadilisha mazungumzo.

Mkungu wa kwanza ulikomaa Mfungo wa Ramadhani wa mwaka uliofuata. Severa aliukata mwenyewe, akaubeba kichwani mpaka nyumbani kwa Ubeid, akaingia jikoni na Mauza. Wakazimenya ndizi pamoja, wakazipika kwa tui zito. Magharibi ilipoingia, Ubeid na Tarsis walikuwa wamekaa mkekani, Ubeid kafungua kwa tende, Tarsis kafungua naye ingawa hakufunga. Bakuli likaletwa, moshi unatoka.

Severa alionja kwanza. Alitafuna pole pole, amefumba macho, na hakuna aliyemsemesha mpaka alipoyafumbua.

"Ndiyo yenyewe?" Mauza akauliza.

"Ndiyo yenyewe."

Basi wakala. Baadaye Ubeid alitoka uani kunawa, akaona nusu ya mkungu imeegemezwa ukutani. Akasimama mbele yake, mikono inadondosha maji, kichwa akakiinamisha upande mmoja.

"Mama Celina," akaita, "huu mkungu, mimi naona, unaweza zaidi."

"Baba Nasor," sauti ikajibu kutoka jikoni, "njoo unywe uji."